Vitambaa vya Feza Kwenye Matete

Siku ya kawaida ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Jumatano, na nilikuwa nagombana na mwavuli. Mwavuli wenyewe ulikuwa mbovu, vyuma vyake vimevunjika, ila kitambaa chake cha manjano kilikuwa kizima. Nilikuwa nakibandua kwa wembe, polepole, maana nailoni ile ukiivuta kwa pupa inachanika mpaka mwisho. Wasichana kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wananitazama. Kila mmoja alikuwa na vipande vyake mapajani: kanga kuukuu, flana, sindano na uzi. Kitambaa cha mwavuli kilikuwa kinakaa chini kabisa, kuzuia damu isipite kwenye nguo. Hiyo ilikuwa akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu, na nilikuwa naringa nayo kweli kweli.

Mimi ni mtu wa Tabora, mtaa wa Gongoni, fundi cherehani mtoto wa fundi cherehani. Jina langu Tatu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nilikwenda kumfuata mume wangu Hamisi, aliyekuwa akivusha vitenge na sabuni kwa boti. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Babu wa babu yangu aliletwa Tabora kutoka huko huko Manyema, begani amebeba pembe ya ndovu ya mtu mwingine, na tangu hapo ukoo wetu haujaacha kwenda na kurudi katika njia ile: Tabora, Ujiji, ziwa, milima. Mji tuliokaa sitautaja. Ulikuwa mdogo, una soko, gati la mbao na shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na masista. Masista walipojua kwamba nashona, wakaniomba niwafundishe wasichana wao kutengeneza pedi za kufua. Za dukani zilikuwa hazifiki, na kila mwezi kulikuwa na wasichana wanaokosa darasa siku nne, siku tano. Basi nikaingia, Mwislamu na ushungi wangu katikati ya masista, na tulielewana vizuri sana.

Kushona kulikuwa rahisi. Kutunza ndiko kulikokuwa na ugomvi.

Niliwapa masharti na nikawa nawaimbisha kila Jumatano. Usiiache pedi mwilini kutwa nzima. Loweka kwa maji baridi, ya moto yanagandisha doa. Fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha anika juani, mahali penye upepo, mpaka ikauke kabisa. Walikubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Kule msichana akishafua kitambaa chake anakificha: chini ya godoro, nyuma ya sanduku, ndani ya kiatu. Waliamini damu ya mtoto wa kike haionwi na jicho la mtu, na kwamba ikionwa, tumbo lake linaweza kufungwa asizae. Nisiwasingizie wao peke yao. Mama yangu mzazi, hapa hapa Gongoni, alikuwa anaanika chake chini ya kanga, kanga juu kitambaa chini, kinakaa na unyevu siku mbili. Mimi nilikulia katika mambo hayo na nilikuwa nayachukia.

Mkaidi wao alikuwa Feza. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mikono myepesi, mshono wake umenyooka kuliko wa wote. Darasani ananiitikia vizuri, "Ndiyo, Mama Tatu," halafu anakwenda kuzificha. Siku moja nikasikia harufu ya ubichi bwenini, nikainua godoro lake, nikazitoa mbili bado zina maji. Nilizitoa mbele ya wenzake. Nikazibeba juu juu mpaka kwenye kamba ya uani, nikamwambia azianike mwenyewe, wote wakitazama. Alizianika. Hakulia, lakini hakuinua macho, na kwa mwezi mzima hakuniuliza kitu chochote. Leo nisingefanya hivyo.

Siku ya wazazi mama yake akaja. Alikuwa mkulima wa milimani, mkamuaji wa mawese, na alikuja kwa miguu na chupa ya mawese kichwani. Kule hawana shikamoo. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Jambo, Mama Tatu."

"Jambo, mama. Karibu."

"Nimesikia unaanika damu ya watoto wetu juani."

"Naanika vitambaa safi, mama. Damu imeshakwenda na maji."

"Macho ya watu hayajui kama imekwenda."

Mimi na mdomo wangu! Nikamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wazazi wengine, "Basi tuyaanike macho ya watu, vitambaa tuviache." Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliweka chupa ya mawese mezani, akasema, "Akiwa hapa ni mtoto wako. Nikimtaka, nitakuja kumwuliza kwako." Akageuka akaenda zake, na mimi nikaona nimeshinda.

Na kweli nilikuwa nimeshinda. Kuanzia hapo Feza akawa wa kwanza kuanika. Akawa anawakemea hata wadogo.

Miezi michache baadaye vita vikaja, na kwetu vilianza na magodoro. Tangu Ijumaa watu wa milimani walikuwa wanapita barabarani na magodoro vichwani, hawasemi, hawasimami. Jumamosi soko halikuwa na mtu. Jumapili tukaanza kusikia milio, mbali, mizito, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Sista mkuu alipata lori moja. Aliwapakia wadogo na wagonjwa, akapakia na masista wenzake, na lori likajaa mpaka mlango haufungi. Wasichana watano wakubwa hawakupata nafasi. Akanishika mkono.

"Mama Tatu, mume wako ana boti."

"Boti iko Kigoma, Sista. Injini imeharibika."

"Nakuachia hawa," akasema, kama hakunisikia. Sidhani kama alikuwa na la kufanya zaidi. Lori likaondoka, na hapo ndipo Mapendo, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akatoka chooni, akakuta uwanja mtupu. Wakawa sita.

Niliwaambia kila mtu abebe vitu vitatu: shuka, kikombe, na kifurushi chake cha pedi. Tulitembea kutwa kwa njia ya ufukweni. Kwenye mawe ya ufukweni simu ilikuwa inashika mnara wa Tanzania, na chaji ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikampigia Hamisi, akapokea.

"Tatu? Mmetoka mjini?"

"Tumetoka."

"Nendeni pale mto unapoingia ziwani, kwenye kibanda cha wavuvi. Injini inafungwa leo na kesho. Nipe siku nne. Nitakuja mchana, saa nane, maana usiku wapiganaji wanapiga risasi kila boti wanayoisikia."

"Siku nne nyingi, Hamisi."

"Nne. Uko na nani?"

"Wasichana sita."

"Haya," akasema. "Sita." Kisha simu ikazima na sikuiwasha tena.

Kibanda kilikuwa katikati ya matete marefu, kimejengwa kwa ajili ya kukaushia samaki, cheusi kwa moshi. Wavuvi wake walikuwa wameshakimbia. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kilima, na juu yake inapita barabara. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwafikisha watoto sita kwenye boti. Niliifanya kwa ukali wote niliozaliwa nao. Hakuna moto. Hakuna kuongea ila kwa kunong'ona. Hakuna kutoka kwenye matete ila kuchota maji, na akitoka mmoja, mwingine anafuta nyayo zake kwa tawi. Tulikula muhogo mbichi na dagaa. Mapendo akikohoa, nampa kitambaa akoholee humo. Siku mbili tuliona magari yakipita kilimani, na hakuna aliyetuona.

Siku ya pili Feza aliingia mwezini. Niliona tu kwamba amechukua kifurushi chake akaenda pembeni. Siku ya tatu asubuhi alifua pedi mbili mtoni, akafuta nyayo zake, akarudi nazo zimekamuliwa mkononi. Akasimama mlangoni mwa kibanda.

"Mama, nianike humu ndani?"

Nilikuwa nachambua dagaa. Sikuinua hata kichwa.

"Humu? Kwenye giza na moshi wa samaki? Toka hapa. Juani. Au umesharudi kwa mama yako?"

Wenzake wakacheka kwa pua, wamefunga midomo. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza tangu tutoke shuleni, na nilifurahi kukisikia. Feza naye alitabasamu kidogo. Akatoka. Nilimwona akiinamisha tete mbili, akazizungushia pedi na kufunga vifungo vyake ili upepo usizichukue, kama nilivyowafundisha. Zilikaa vizuri.

Upande wa mwavuli ulikuwa nje. Manjano ile ikipigwa na jua inang'aa.

Nimeulizwa na watu wawili watatu niliowahi kuwaambia: ilikuwaje hukufikiri? Nilikuwa nimefikiri kuhusu moto, sauti, nyayo, kikohozi. Kuanika hakukuwa kwenye hesabu ya hatari kwa sababu kulikuwa kwenye hesabu ya mafundisho. Nilisema "juani" kama mtu anavyosema "karibu" mtu akibisha hodi.

Saa tano tukasikia wanaume.

Walikuwa wanashuka kilimani, wanaongea kawaida, mmoja anacheka. Kisha maji ya mto yakaanza kulia, watu wanavuka.

Niliwalaza watoto chini. Mapendo nilimlalia na kumziba mdomo kwa kiganja.

Nikahesabu. Watano.

Feza alikuwa bado mlangoni. Alikuwa anatazama zile pedi. Nikamwita kwa mkono. Aliniona, najua aliniona.

Alitoka. Alitembea, hakukimbia. Alikwenda mpaka kwenye zile tete mbili, akafungua kifungo kimoja, akafungua cha pili.

"Wewe!" mmoja wa wanaume wale akaita.

Akasimama.

"Uko na nani hapa?"

"Niko peke yangu."

"Hizi ni nini?"

Mmoja alizichukua mkononi mwake, akazigeuza, halafu akaelewa, akazitupa matopeni na kujifutia mkono kwenye suruali. Wenzake wakamcheka.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu," akasema tena, kwa sauti ya darasani, ile ya kuitikia.

Walikuwa wanne. Walikuwa hatua kama ishirini kutoka kwenye kibanda, na matete katikati. Kama mmoja angetembea hatua hizo, ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia, au nisingekuwapo. Hawakutembea. Walimshika mkono, wakavuka naye mto, wakapanda naye kilima. Hakugeuka nyuma.

Mimi sikutoka. Nilikuwa nimemziba Mapendo mdomo na mkono wangu ulikuwa unauma kwa meno yake. Niliogopa sana, na katika woga ule kulikuwa na hesabu: watano ndani, mmoja nje. Sijawahi kusema kwamba nilichagua. Wala sisemi kwamba sikuchagua.

Tulihama kibanda. Tulikaa ndani ya maji, katikati ya matete, maji kiunoni, mpaka jua likazama, na kesho yake tukakaa hapo hapo mpaka saa nane. Hamisi alikuja kwa wakati wake. Aliwashika mkono mmoja mmoja kuwapandisha, na mimi nikiwa wa mwisho.

"Wasichana wako sita?"

"Watano."

Akasukuma boti kwa mguu, akawasha injini.

Upande wa Kigoma watoto waliandikishwa kama wakimbizi na kupelekwa kambini. Mimi nilikuwa raia, nikaambiwa naweza kwenda kwetu. Niliwaaga kwenye uzio. Mapendo alinikatalia mkono wake, na nilimwelewa. Katika orodha waliyoiandika pale niliomba liongezwe jina la Feza na kijiji cha mama yake, na niliomba mara tatu kwa makarani watatu, mpaka wa tatu akaniambia, "Mama, limeshaandikwa, pumzika sasa." Niliandikisha na jina langu na mtaa wangu wa Tabora, ili mama yake akitokea ajue pa kunipata.

Nilirudi Tabora kwa treni. Uvinza walikuja dirishani na chumvi, Nguruka na samaki, Urambo harufu ya tumbaku ikaingia behewani, na mimi nimekaa nimeshika kikombe kitupu. Ni njia ile ile aliyopita babu wa babu yangu na mzigo wake. Yeye alitembea wiki kadhaa, mimi ilikuwa safari ya siku moja. Stesheni mama yangu alinipokea, akanishika uso, akasema, "Umekonda, mwanangu," nikalia hapo hapo mbele ya wapagazi.

Kwa muda mrefu nilishona sare za shule na makanzu tu. Pedi sikuzigusa. Hamisi alifariki kwa maradhi yake ya moyo, nikabaki na mama na cherehani. Kisha mwalimu mmoja wa shule ya kata, nje kidogo ya mji, njia ya kuelekea Ipole, akaja nimshonee gauni. Akaniambia wasichana wake wanakosa masomo kila mwezi, watoto wa wakulima wa tumbaku, wanakaa nyumbani juu ya gunia mpaka siku zipite. Nikamwambia hilo si jambo langu. Akaja tena kuchukua gauni, akaniambia tena. Mama yangu, mzee wa watu, akiwa amelala barazani na macho kafumba, akasema, "Tatu, kama unajua kazi, nenda kafanye kazi."

Nikaenda. Walikuwa wengi, wamejibana kwenye darasa moja, "Shikamoo mwalimuuu," wanavuta sauti kama watoto wa huku walivyo. Nikawakatia kanga na flana. Miavuli mibovu nilikuwa nayo, lakini sikuchukua ya manjano. Wakashona, wakachomana sindano, wakacheka. Tukaja kwenye masharti: maji baridi, sabuni, suuza. Binti mmoja wa mbele, mdadisi, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, halafu tunaanika wapi?"

Nikaanza kukunja vipande vya flana vilivyobaki, mpaka wakaanza kutazamana. Yule mwalimu akanisogelea.

"Juani," nikasema. "Mahali penye upepo. Mpaka ikauke kabisa."

Ndivyo ninavyofundisha hadi leo, huko Ipole njiani, na shule nyingine mbili tatu za karibu. Ni mafundisho ya kweli na siwezi kuyageuza kwa sababu ya watu wanne waliovuka mto. Hawa wa hapa hawana kilima cha kuogopa. Nikirudi nyumbani siku hizo huwa sili jioni.

Mama Feza alikuja mchana wa Jumatatu, mwaka uliopita. Nilikuwa barazani napiga pindo.

"Jambo, Mama Tatu."

Hapa Gongoni hakuna anayenisalimu hivyo, kwa hiyo nilimjua kabla sijainua macho. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alikuwa amefika kambini kwa kuchelewa sana, akakutana na Mapendo, sasa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, na Mapendo akamwambia niko Tabora. Akaomba kibali, akapanda treni. Nilimketisha kwenye mkeka, nikamletea maji, nikamkorogea uji.

"Nimefika alipolala," akasema.

Nikakaa chini.

"Kuna mtoto alichukuliwa kutoka kijiji kingine, alikuwa naye. Yeye alitoroka. Alinipeleka. Ni homa, wiki ya tatu tangu wamchukue. Walimfukia wenyewe, wasichana, wakaweka mawe." Akanywa uji kidogo. "Niliona vizuri nije nikuambie, maana ulikuwa hujui."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja, kwamba atakuja kuniuliza mtoto yuko wapi. Sikujiandaa kwamba yeye ndiye atakayeniambia. Nililia, na yeye akanisubiri, amekaa wima, uji mkononi. Nilipoweza kusema nikamwambia yote. Sikupunguza. Nikamwambia Feza aliuliza aanike ndani, na ni mimi niliyemtoa nje. Nikamwambia na maneno yenyewe, "au umesharudi kwa mama yako," na kwamba wenzake walicheka. Nikamwambia alisema yuko peke yake, mara mbili, na mimi nimelala chini hatua ishirini. Nikamwambia sijui kama alikwenda kuzitoa ili wasijue kwamba tupo, au ni kwa aibu tu, wanaume wasizikute.

Nilingoja aniambie alichoniambia siku ile shuleni kuhusu macho ya watu. Alikuwa na haki nacho. Ningekipokea, na nadhani ningelala vizuri zaidi.

Akauweka uji chini, ulikuwa unapoa.

"Siku ile ilikuwa yake ya ngapi?" akauliza.

"Ya pili."

"Tumbo lilikuwa linamuuma?"

Nikamtazama.

"Siku ya kwanza na ya pili alikuwa anaumwa sana," akasema. "Tangu alipoanza. Nyumbani nilikuwa nampashia jiwe, nalifunga kwenye kitambaa, analala nalo. Akiumwa vile miguu inamfa ganzi, hawezi kukimbia. Mapendo ameniambia alitembea, hakukimbia. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nataka kujua kama alikuwa na uwezo wa kukimbia akakataa, au hakuwa nao."

"Sijui, mama."

"Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Wewe ulimwuliza?"

Nilikuwa nimemfundisha zaidi ya mwaka mzima. Nilijua kipimo cha kiuno chake, nilijua anapenda uzi wa rangi gani, nilijua alipokuwa anaficha vitu vyake. Kila mwezi niliuliza kama amefua, kama amesuuza, kama ameanika. Na baada ya siku ile niliyoinua godoro lake mbele ya watu, angeniambia nini tena?

"Sikumwuliza," nikasema. "Hata mara moja."

Mama Feza akatikisa kichwa polepole, mara mbili tatu, kama mtu aliyefika dukani akaambiwa bidhaa imekwisha.

"Basi hakuna anayejua," akasema, na akaomba maji ya kunawa.